Ufuko Unaanzia Wapi?

Tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba ambao kwetu hukumbukwa zaidi kwa sababu ya Zanzibar na kisiwa cha Heligoland. Ndani ya kifungu cha kwanza mna maneno machache juu ya Ziwa Nyasa. Mpaka ukishalifikia ziwa, yasema maandishi ya Kiingereza, utaelekea kaskazini ukifuata shore ya mashariki, kisha ya kaskazini, kisha ya magharibi, hadi kwenye mlango wa mto Songwe. Shore ni neno ambalo mtoto wa Kiingereza hulijua kabla hajajua kusoma. Halina utaalamu wowote. Ndilo lililobebeshwa kazi ya kusema nchi moja inakoma wapi na nyingine inaanzia wapi, na leo, zaidi ya miaka 130 baadaye, serikali mbili bado zinavutana juu yake.

Lipingo imekaa juu ya neno hilo. Ni kata ya Wilaya ya Nyasa, mkoani Ruvuma, ingawa wengi bado husema "Mbinga" kwa mazoea, maana wilaya yao ilimegwa kutoka huko mwaka 2012 tu. Nyuma yao ni milima ya Wamatengo, yenye kahawa na mashamba ya ngoro. Mbele yao ni maji. Ukifuata msimamo wa Malawi, unaousoma mkataba kama ulivyoandikwa, mama wa Lipingo anayeingia ziwani hadi magotini kusuuza sufuria amekwisha kuvuka mpaka, tena bila pasipoti. Ukifuata msimamo wa Tanzania, mpaka uko katikati ya ziwa, huko ambako mtumbwi hauonekani tena kwa macho.

Wengi huliona jambo hili kuwa la ramani, au la mafuta, au la marais. Mimi naliona kwanza kuwa la neno. Waliokaa mezani Berlin waliichukua shore kama uzi uliotandazwa chini. Anayeikanyaga kila siku anajua kuwa ni mahali penye upana, na kwamba mahali hapo pana tabia ya kuhama.

Waingereza wenyewe hawajawahi kutulia na neno lao. Kwa aliye majini, shore ni nchi kavu: baharia akishuka chomboni huambiwa amekwenda ashore, hata kama amekwenda mbali na maji, kwenye baa ya katikati ya mji. Kwa aliye nchi kavu, shore ni pale maji yanapoanzia. Neno moja, watu wawili, kila mmoja akinyoosha kidole upande wa mwenzake. Wanasheria wao wakaongeza lao, wakasema ni ile ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa, ambayo kwa desturi ya kwao ni mali ya Taji. Warumi, karne nyingi kabla, walikuwa na kipimo kingine: ufuko wa bahari unaishia pale linapofika wimbi kubwa kuliko yote la majira ya baridi. Vipimo vyote hivyo ni vya bahari. Ziwa Nyasa halijai asubuhi likapwa jioni, kwa hiyo anayekwenda nalo mahakamani akiwa na sheria za bahari atapata tabu kuonyesha alama zake.

Neno hilo limezaa na watoto. Gesi iliyo chini ya kina kirefu cha bahari, kusini mwa nchi yetu, huitwa ya offshore. Akaunti ya benki iliyofunguliwa kisiwani Jersey nayo huitwa ya offshore, ingawa fedha zenyewe hazijawahi kulowa. Hata ukuta unaotaka kuanguka ukiegemezwa nguzo, kitendo hicho kwa Kiingereza ni shore vilevile. Haya nayapita.

Lisilopitika haraka ni kwamba mkataba ule ulikuwa na maandishi ya Kijerumani pia. Wajerumani wana neno Ufer, ambalo hubeba ukingo wa mto na ufuko wa ziwa kwa pamoja. Mwingereza alipolimaliza ziwa na kufika Songwe alilazimika kubadili neno, akaiacha shore akachukua bank. Mjerumani hakuwa na haja hiyo. Basi tangu siku ya kwanza pande mbili za meza zilikuwa zikiyagawa maji na nchi kavu kwa maneno yasiyolingana upana, na upande wa tatu, wa wenye ziwa, haukuwa na kiti.

Na wenye ziwa wana maneno. Jina la lugha hii lenyewe limetokana na Kiarabu, sawahil, wingi wa sahil, yaani pwani. Lugha iliyopewa jina la pwani ungetarajia iwe tajiri hapa, na ni tajiri kweli. Pwani ni pale maji yanapopwa, neno lililojengwa juu ya mwendo wa bahari, na kwa haki halistahili ziwani. Mwambao ni neno la nahodha: ni nchi jinsi inavyoonekana na mtu anayeambaa, anayepita na chombo chake akiwa nayo ubavuni. Ndiyo maana husikika sana katika habari za Nyasa, ambako kwa miaka mingi meli ilikuwa njia ya uhakika kuliko barabara. Ufuko, au ufukwe, ni mchanga wenyewe. Mwalo ni mahali vyombo vinapotua na samaki wanapouzwa, neno la wavuvi na la maofisa uvuvi. Mvuvi hatakuuliza uko ufukweni kwa maana gani. Atakuuliza uko mwalo gani.

Kisha kuna ng'ambo. Hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu ni ufuko ambao wewe hupo. Kwa mtu wa Lipingo ng'ambo ni Malawi. Kwa aliye Nkhata Bay ng'ambo ni huku. Neno linageuka na msemaji, na kila anayelitamka anakiri kwamba maji yana pande mbili na kwamba yeye yuko upande mmoja tu. Laiti mkataba wa 1890 ungeandikwa kwa fikra hiyo, ungelazimika kutaja fuko mbili, na asingetokea mtu wa kudhani kwamba ziwa zima laweza kuwa na mwenyewe mmoja aliyeketi upande mmoja.

Kiswahili chenyewe hakikuota mwambaoni hapa. Kilipanda na misafara ya karne ya 19 iliyotoka Kilwa kufuata pembe na watumwa, ikalifikia ziwa, ikavuka kwa majahazi hadi Nkhotakota ambako watawala walioitwa Majumbe walijenga utawala wao. Kwa macho ya watu wa Kilwa, kote huku kulikuwa bara. Lipingo ikawa bara na mwambao kwa wakati mmoja, na wakazi wa ziwa, Wanyasa na Wampoto, wakaipokea lugha ya pwani nyingine wakaitumia kusemea pwani yao.

Twende basi mchangani.

Usipa huvuliwa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika, kwa sababu samaki hawa wadogo huvutwa na taa, na taa haina nguvu mbele ya mwezi. Zamani zilikuwa karabai; siku hizi taa za betri na sola zimeshika nafasi. Alfajiri mitumbwi na maboti hurudi, na hapo ndipo ufuko huanza kazi yake. Usipa hupimwa kwa ndoo, bei hutajwa, hukataliwa, hutajwa tena. Kisha huanikwa, wengine juu ya mchanga, wengine juu ya chanja. Hapo wanawake ndio mabwana. Wanajua mchanga upi unakausha upesi, upi unaacha chembe zinazomkera mlaji, upepo wa kusini, ule uitwao mwera, utaanza saa ngapi kuchafua ziwa. Mchuuzi anayepeleka mzigo Mbinga au Songea anaujua ubora wa usipa kwa kuushika tu.

Kwa hiyo ufuko wa Lipingo una upana, na upana huo una kazi. Sehemu yenye maji ya magotini ni ya kufulia na kuogea watoto. Mchanga uliolowa ni wa vyombo. Mchanga mkavu ni wa chanja na nyavu. Juu yake kuna miti, kisha nyumba. Ukichora mstari popote kati ya hapo utakuwa umeikata siku ya mtu mmoja vipande viwili. Dar es Salaam anayekaa ufukweni ni mtu wa kishua, na ardhi ya huko huuzwa kwa sababu ya upepo na mandhari. Huku anayekaa ufukweni anafanya kazi, na mandhari ni ya bure.

Samaki nao wana maoni yao. Mbasa, anayesifiwa kuliko wote mezani, huliacha ziwa akapanda mto Ruhuhu kwenda kuzaa. Kwake ziwa na mto ni nyumba moja yenye vyumba viwili. Samaki wadogo wa miambani, wale wenye rangi kali ambao Wazungu huwafuga katika vioo, wako kinyume chake: wengi wao hawavuki mchanga wala kina kirefu, hukaa mwamba mmoja kizazi hadi kizazi, hata kila kundi la mawe likawa na aina zake. Ndivyo jina la Hongi, kisiwa kidogo cha mwambao huu, lilivyofika Ulaya, likiwa limebandikwa kwenye kioo cha samaki aina ya Labidochromis.

Sasa tuje kwenye kuhama. Maji ya Nyasa hupanda na kushuka karibu mita moja kila mwaka. Kwenye mchanga ulio bapa, mita moja ya kwenda juu ni hatua nyingi za kwenda ndani. Chanja hurudishwa nyuma, mitumbwi hufungwa kwenye miti iliyokuwa mbali, na njia ya watu hupita uani kwa mtu. Kwa hesabu ya mkataba, basi, kila masika Tanzania hupungua kidogo na kila kiangazi hurudi, na hakuna waziri aliyewahi kutoa tamko.

Hayo ni ya mwaka mmoja. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Shire, kusini kabisa. Mwanzoni mwa karne ya 20 maji yalishuka hadi mto huo ukaziba kwa mchanga na matete, na kuanzia yapata mwaka 1915 hadi 1935 ziwa halikutoa maji. Likajaa taratibu hadi likalivunja zuio hilo lenyewe. Kufikia mwaka 1980 lilikuwa limepanda zaidi ya mita tano kutoka pale lilipokuwa 1915. Tangu 1965 kuna lango la Kamuzu huko Liwonde linalodhibiti maji ya Shire, na hilo limeleta jambo ambalo watu wa Berlin wasingeliota: kimo cha ziwa, na kwa hiyo mahali ufuko wa Lipingo unapoanzia, kinaguswa kwa kiasi fulani na wahandisi walio Malawi. Ufuko wa 1890 si wa 1915, na wa 1915 si wa 1980. Mkataba haukusema ni upi.

Waliouandika nao hawakuufuata kwa matendo. Ujerumani, ambayo kwa maandishi iliachiwa nchi kavu tu, iliweka ziwani meli ya moshi iliyoitwa Hermann von Wissmann. Tarehe 13 Agosti 1914, Vita Kuu ikiwa na siku chache tu, meli ya Waingereza, Guendolen, ilifika Sphinxhafen, ndiyo Liuli ya leo, jirani na Lipingo, ikaikuta ile ya Kijerumani imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, ikaipiga mizinga na kuilemaza. Huelezwa kuwa ndiyo vita ya kwanza ya majini ya Vita Kuu. Kwa mujibu wa mkataba, meli ile ilikuwa kwao pale tu ilipokuwa haielei.

Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA nao hawakuona fuko mbili. Makao yao yalikuwa kisiwani Likoma, na meli yao, Chauncy Maples, ilihudumia vituo vya pande zote za ziwa kama mitaa ya mji mmoja. William Percival Johnson, aliyezunguka mwambao huu kwa zaidi ya miaka 40, alifia Liuli mwaka 1928. Kitabu chake cha 1922 alikiita kwa jina la maji makubwa. Hakukiita kwa jina la ufuko.

Likoma yenyewe ni ushahidi kwamba neno shore linaweza kuachwa pale wakubwa wanapotaka. Upande wa Msumbiji mpaka nao ulikuwa ukifuata ufuko wa mashariki. Mwaka 1954 Uingereza na Ureno zilikubaliana, mstari ukasogezwa hadi katikati ya ziwa, na visiwa vya Likoma na Chizumulu vikabaki vya Nyasaland ingawa viko karibu zaidi na Msumbiji. Mvuvi wa kusini mwa Lipingo, Mreno akiwa mtawala wake, alipata maji ambayo mvuvi wa Lipingo, chini ya Mwingereza, hakupata. Naona hapo ndipo penye dhuluma ya wazi kuliko pengine pote katika kisa hiki. Sababu yake ni rahisi: Tanganyika na Nyasaland zote zilikuwa mikononi mwa Mwingereza, na mtu hagombani mpaka na nafsi yake. Baadhi ya ramani na taarifa zake za enzi za udhamini zilichora mstari katikati ya ziwa, nyingine ufukweni.

Uhuru ulipokuja, deni likawa letu. Miaka ya mwanzo Serikali ya Tanganyika ilikubali kwamba haina sehemu ya ziwa. Mwaka 1967, chini ya Nyerere, ikageuza msimamo na kudai katikati. Malawi ya Kamuzu Banda ikajibu kwa mkataba wa 1890 na kwa azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) la Cairo la mwaka 1964, la kuheshimu mipaka ya kikoloni. Mjadala ukalala, ukaamka 2012 baada ya Malawi kutoa leseni ya kutafuta mafuta, kisha ukapelekwa kwa jopo la viongozi wastaafu wa Afrika likiongozwa na Joaquim Chissano. Haujafungwa. Watanzania hupenda kukumbusha kwamba kifungu cha sita cha mkataba ule ule kinaruhusu mistari irekebishwe kwa makubaliano kufuatana na mahitaji ya mahali. Ni hoja nzuri. Inasikitisha tu kwamba mahitaji ya mahali hutajwa sana mijini na hupimwa kwa nadra mahali penyewe.

Nasema hivi kwa sababu msimamo wetu wenyewe haujalikwepa neno. Katikati hupimwa kutoka pembeni. Anayetaka mstari wa katikati ya Nyasa lazima kwanza aseme ufuko wa mashariki uko wapi na wa magharibi uko wapi, kwa maji ya mwezi gani, ya mwaka gani. Tukishinda kesi kesho, swali la kwanza la mpimaji litakuwa lile lile lililoachwa Berlin.

Na wala si lazima kungoja Malawi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa ziwa. Kusudi lake ni jema. Mchanga uliovuliwa miti huliwa upesi. Lakini ilitungwa kwa Kiingereza, na imerithi neno lile lile. Mita 60 kutoka wapi? Kutoka maji ya Desemba, nyumba fulani imo ndani ya sheria. Kutoka maji ya Mei, nyumba hiyo hiyo ni kosa, na mwenyewe hajasogeza hata tofali. Mwaka 2021 Bunge lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Hiyo ni nafasi. Anayetafsiri kifungu hicho asiridhike kuandika ufuko, ukingo au ufukwe kisha akalala. Maneno yote matatu yatamwachia mgambo kazi ya kuamua.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa pande mbili. Wasuluhishi wa mpaka, wakifika mwisho, waandike kimo: mita kadhaa juu ya usawa wa bahari, kwa maji ya mwaka waliokubaliana, na waandike kwa Kiswahili na Chichewa, lugha ambazo wavuvi wa pande zote mbili wanaweza kuzisoma na kuzibishia. Na Halmashauri ya Wilaya ya Nyasa, kabla ya kumwambia mtu yeyote wa Lipingo abomoe, isimike nguzo mchangani mbele ya wanakijiji wote, iandike juu yake kwamba mita 60 zinaanzia hapa.